Kununua na Kutunza Nyumba ya Kupangisha Lubumbashi: Mwongozo kwa Mwenye Mtaji Mdogo

Mtu aliyejiwekea akiba mjini Lubumbashi, awe mwalimu, fundi, mfanyakazi wa mgodi au mama mwenye duka la unga, mara nyingi huishia kwenye wazo lile lile: kununua parseli, yaani kiwanja, yenye nyumba, kuipangisha, na kupokea kodi kila mwezi hadi uzeeni. Wazo hilo si baya. Tatizo ni kwamba wengi huchukua kodi ya miezi 12, wakailinganisha na bei ya nyumba, wakafurahi, wakalipa. Mwongozo huu unashikilia kwamba fedha ya mwenye nyumba mdogo hupatikana au hupotea mahali pawili ambapo hesabu hiyo haifiki: katika hati na udongo kabla ya kununua, kisha katika paa, maji na choo baada ya kununua. Kiwango cha kodi, ambacho ndicho kila mtu hukizungumzia, kinakuja nyuma ya hayo.

Hesabu isiyojidanganya

Tuchukue mfano wa parseli yenye nyumba kubwa mbele na aneksi (nyumba ndogo) mbili nyuma. Tuseme muuzaji anataka dola 24,000, nyumba kubwa inaweza kupangishwa kwa dola 160 kwa mwezi, na kila aneksi kwa dola 80. Jumla ni dola 320 kwa mwezi, yaani 3,840 kwa mwaka, sawa na asilimia 16 ya bei. Komisioneri, yaani dalali wa nyumba, husimamisha hesabu yake hapo, na yako ndipo inapopaswa kuanza. Kwanza ongeza kwenye bei gharama za noteri, za kuhamisha hati, za kupima upya mipaka na za matengenezo ya mwanzo. Si ajabu dola 24,000 zikawa 26,000. Kisha, katika mapato, toa mwezi mmoja kwa mwaka ambao mlango mmoja au mwingine utakuwa hauna mtu au mpangaji atakuwa hajalipa: dola 320. Toa dola 400 za matengenezo ya kawaida, 700 za kuweka kando kwa ajili ya ushuru, na 180 za kunyonya choo, taa ya nje na mchango wa mlinzi wa usiku. Zinabaki dola 2,240, ambazo kwa mtaji wa 26,000 hazifiki asilimia 9.

Tarakimu hizi ni za mfano, na kila mtu ataweka zake. Asilimia 9 bado ni mapato ya heshima, lakini aliyenunua akiamini 16, hasa kwa fedha ya kukopa kwa muda mfupi, atajikuta anauza friji ili alipe deni. Kwa sababu hiyo hiyo fedha ya likelemba, ule mchezo wa kuchangiana kwa zamu, inafaa kwa kubadilisha mabati au kuchimba kisima kuliko kununua nyumba yenyewe, maana siku ya kutoa mchango haimsubiri mpangaji wako apokee mshahara.

Mahali nako ni sehemu ya hesabu. Vyumba vilivyo karibu na kampasi ya Kasapa ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi hupata wanafunzi kwa urahisi, lakini hubaki tupu mwaka wa masomo unapokwisha, na vijana wanne katika chumba kimoja huichosha nyumba kuliko familia yenye watoto. Nyumba za mtaa wa Golf huwalenga wafanyakazi wa makampuni na wageni, na kodi yake ni kubwa, ila inapanda na kushuka pamoja na shaba. Katikati ya mwaka 2008 tani moja ya shaba ilikuwa zaidi ya dola 8,000. Mwisho wa mwaka huo huo ilikuwa karibu na dola 3,000, na viwanda vingi vidogo vya kuyeyusha madini hapa Katanga vikafungwa. Mwenye nyumba aliyetegemea mpangaji mmoja wa kampuni hana pa kukimbilia wakati kama huo. Katika komuni za Kenya, Katuba au Kamalondo kodi ni ndogo zaidi, lakini mahitaji hayategemei mwajiri mmoja: kuna wauzaji wa soko, madereva, wauguzi, watumishi wa Serikali. Kwa maoni yangu, anayeanza na mtaji mdogo anafaa kutafuta parseli moja yenye milango mitatu kabla ya kuota villa moja nzuri, kwa kuwa mlango mmoja ukifungwa, miwili bado inalipa.

Hati kabla ya rangi

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, namba 73-021, inasema kwamba ardhi yote ni mali ya Serikali. Anachonunua mtu ni majengo pamoja na haki ya kuitumia ardhi hiyo, haki ambayo kwa raia wa Kongo inaweza kuwa ya kudumu, au ikawa ya muda unaoweza kurudiwa. Haki hiyo huthibitishwa na sertifika ya usajili inayotolewa na konsevateri wa hati za ardhi. Karatasi nyingine zote unazoweza kuonyeshwa, kama vile fishi ya parseli, kijitabu cha zamani cha lojeri (mwenye nyumba), barua ya chefu wa kartie (mtaa) au mkataba wa mauzo ulioandikwa kwa mkono mbele ya mashahidi, zinaonyesha hatua ambazo mtu amepitia kuelekea haki hiyo, lakini hazichukui nafasi yake. Katika kartie nyingi, na hasa katika komuni Annexe ambako mji unapanuka kila mwaka, parseli nyingi bado ziko katikati ya safari hiyo. Kununua parseli ya namna hiyo kunawezekana, mradi bei ipunguzwe kwa kiasi cha gharama na muda utakaotumia kuimaliza safari kwa jina lako, na mradi ujue nani alikuwa nayo kabla ya muuzaji, na kabla ya huyo.

Penye sertifika, usitosheke na nakala, hata iwe na mihuri mingi kiasi gani. Chukua namba yake, nenda kwenye ofisi ya konsevateri, na uombe kuhakikishiwa mambo matatu kutoka kwenye rejista: jina la mwenye haki, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna pingamizi au kesi iliyoandikwa. Baadaye mtumie mpimaji wa kadasta atafute mawe ya mipaka na kulinganisha vipimo na karatasi. Mara nyingi ukuta wa jirani umeingia mita moja au mbili, na mita hizo ndizo ulizokuwa unategemea kwa ajili ya aneksi ya tatu.

Hatari kubwa kuliko karatasi bandia, hata hivyo, ni karatasi halali iliyo mikononi mwa mtu asiye na haki ya kuuza peke yake. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka wanandoa wote wawili wakubaliane kabla ya kuhamisha haki ya ardhi, bila kujali ndoa yao ni ya mfumo gani wa mali. Basi baba akija kuuza peke yake na kusema kwamba mama yuko safarini Likasi, mngoje mama arudi. Kwa nyumba ya urithi, tafuta muhtasari wa kikao cha familia, uthibitisho wa mahakama kuhusu warithi na msimamizi wa mirathi, na sahihi ya kila mtoto, akiwemo yule wa mama mwingine ambaye hakuna anayemtaja. Mtoto huyo ndiye huja baada ya miaka mitano akiwa na mwanasheria.

Kuna uchunguzi mmoja usiogharimu kitu. Nenda jioni, watu wakiwa wamerudi nyumbani, umsalimu jirani wa kulia na jirani wa kushoto, kila mmoja peke yake, na umwulize kwa heshima: “Mama, parseli hii ni ya nani?” Majina mawili tofauti yakitajwa, rudi nyumbani na fedha zako. Jina likiwa moja, endelea kuzungumza, maana majirani wanajua pia kama maji huingia ndani mwezi wa kwanza, kama kuna ndugu waliowahi kuja kupiga kelele langoni, na kwa nini mpangaji wa mwisho aliondoka.

Malipo yapitie benki au yafanyike mbele ya noteri, kwa sehemu zilizoandikwa kwenye mkataba: sehemu ya kwanza wakati wa kutia sahihi, nyingine hati zinapopokelewa kwa ajili ya kuhamishwa, ya mwisho nyumba inapokuwa tupu na funguo ziko mkononi. Anayelipa taslimu azikague noti zake nyumbani, moja moja, kwa sababu dola iliyochanika hata kidogo ukingoni itakataliwa, na mabishano juu ya noti kumi mbovu yamewahi kuharibu mapatano yaliyochukua miezi. Dai pia risiti za mwisho za SNEL na Regideso. Deni la umeme au maji lililoachwa kwenye mita litakufuata wewe, kwani muuzaji atakuwa ameshahama.

Kuikagua nyumba kabla ya kukubali bei

Nyumba inayoonyeshwa mwezi wa Agosti hupendeza daima. Hapa kwetu mvua hunyesha hasa kuanzia Novemba hadi Aprili, na miezi ya kiangazi hukausha kila dalili ya maji na kumpa muuzaji muda wa kupaka rangi. Ikiwezekana, itazame nyumba Januari, tena saa moja baada ya mvua kubwa. Ikibidi kuitazama kiangazi, tafuta alama ambazo rangi haizifichi. Inama uangalie sehemu ya chini ya kuta kwa nje: mstari wa udongo mwekundu uliorukia ukutani kwa usawa ule ule kote ni wa matone ya paa, lakini mstari ulionyooka unaozunguka hadi ndani ya varanda ni wa maji yaliyosimama. Gonga lipu kwa kifundo cha kidole kuanzia sakafuni kwenda juu. Panapolia utupu, unyevu umeshaitenganisha na tofali. Inua macho kwenye dari ya tripleksi na utafute miviringo ya rangi ya chai. Muuzaji atakuambia, “Baba, hiyo ni alama ya zamani, bati lilishabadilishwa.” Omba ngazi upande. Alama ya zamani huwa na mviringo mmoja wenye ukingo mkavu, ilhali pale panapovuja kila mwaka huwa na miviringo kadhaa, mmoja ndani ya mwingine.

Udongo wa Lubumbashi una jambo lake ambalo mwongozo wa mji mwingine hautakuambia. Nyanda hizi zina vichuguu vikubwa vya mchwa, vingine vyenye urefu wa mita kadhaa, na udongo wake mfinyanzi ndio unaopendwa kwa kufyatulia matofali. Hivyo parseli nyingi zimechimbwa kabla ya kujengwa: kichuguu kimeliwa chote, pamebaki shimo, shimo likajazwa takataka na kifusi, na baada ya misimu miwili mitatu mtu akajenga juu yake. Upande mmoja wa nyumba hukaa kwenye ardhi ngumu, mwingine kwenye mifuko ya plastiki na majivu. Dalili yake ni ufa unaoanzia kwenye kona ya dirisha au mlango na kupanda kama ngazi kufuata viungo vya matofali, mpana juu kuliko chini. Ufa mwembamba kama unywele kwenye lipu si hoja. Ule unaoingiza sarafu, na unaoonekana ndani na nje mahali pale pale, unahusu msingi, na kuuziba kwa simenti ni kuutafutia njia nyingine. Waulize majirani wa siku nyingi kichuguu kilikuwa wapi. Watakuonyesha kwa kidole.

Tazama pia tofali lenyewe mahali ambapo lipu imeanguka. Tofali bichi linaweza kudumu miaka mingi chini ya paa lenye ukingo mpana na juu ya msingi wa mawe ulioinuka, lakini likilowa kutoka chini hulainika na kumomonyoka. Nyumba ya matofali mabichi isilipiwe bei ya nyumba ya matofali ya kuchoma kwa sababu tu zote zimepigwa lipu.

Maji na choo vikaguliwe pamoja. Kisima kiwe mbali na shimo la choo, na kanuni inayotumiwa sana ni mita 30, umbali ambao katika parseli ndogo ya Katuba au Kenya karibu haupatikani. Hapo hesabu gharama ya kuvuta maji ya bomba au kuchangia foraji (kisima kirefu cha kuchimbwa kwa mashine) na majirani, na usimwambie mpangaji kwamba maji ya kisima ni ya kunywa. Pima kina cha maji ya kisima kwa kamba. Yakiwa juu sana wakati wa mvua, ujue kwamba shimo la choo nalo linajaa kutoka chini. Hakikisha gari la kunyonya choo linaweza kufika. Kuna nyumba nzuri ambazo njia yake haipitishi hata mkokoteni.

Mpangaji na mkataba

Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 ndiyo inayosimamia upangishaji wa nyumba za kuishi. Inataka mkataba wa maandishi, na garanti, yaani amana ya mpangaji, isiyozidi kodi ya miezi mitatu. Ukipangisha duka au ofisi, unaingia chini ya sheria nyingine, ile ya biashara ya OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 2012 na ambayo inamlinda mfanyabiashara kwa namna tofauti. Usitumie karatasi ile ile kwa mlango wa duka na mlango wa chumba.

Garanti si mapato. Kauli hii inaonekana ya wazi, lakini mivutano mingi huzuka mpangaji anapohama na mwenye nyumba akawa ameshanunulia garanti mabati. Iweke kwenye akaunti au kwenye bahasha yake, ukijua itarudi kwa mwenyewe baada ya kutoa deni na uharibifu uliothibitishwa. Na uharibifu huthibitishwa kwa karatasi moja tu: maelezo ya hali ya nyumba, yanayoandikwa siku ya kuingia na kutiwa sahihi na pande zote mbili. Tembeeni pamoja chumba kwa chumba, na mwandike kwa usahihi unaochosha. Usiandike “madirisha mazuri”. Andika “dirisha la sebule, vioo vya nako (vya kufungua kwa vipande) vinane, kimoja kina ufa kona ya kushoto”. Andika idadi ya funguo, swichi, soketi, taa, mabomba na hali ya kila kimoja, namba iliyosomwa kwenye mita ya umeme na ya maji, na mpige picha za simu ambazo kila mmoja atabaki nazo. Kazi hiyo huchukua saa moja, na mpangaji anayeikataa kwa hasira tangu siku ya kwanza amekusaidia kuamua.

Kuhusu kumchagua mpangaji, komisioneri ana faida katika kuujaza mlango haraka, si katika mtu kukaa miaka minne. Kwa hiyo mazungumzo ya mwisho yafanye mwenyewe. Uliza anafanya kazi wapi, watakaa watu wangapi, na alikokuwa anakaa kabla. Ukipata namba ya mwenye nyumba wa zamani, mpigie. Maoni ya mwenye nyumba wa sasa huaminika kidogo, kwa sababu anayetaka kumwondoa mtu humsifu sana.

Katika parseli yenye milango mitatu na mita moja ya umeme, ugomvi hautatoka kwenye kodi bali kwenye faktura, yaani bili ya umeme. Mmoja ana taa tatu na redio, mwingine anapikia resho (jiko la umeme) asubuhi na jioni kwa kuwa makaa ni ghali, wa tatu ana friji ya kuuzia maji baridi, na kila mwisho wa mwezi mnagawa kwa tatu. Kuweka mita ndogo ya ndani kwa kila mlango ni gharama inayojirudisha haraka, kwa amani hata kabla ya fedha. Ikishindikana, mkataba utaje vifaa vya kila mmoja na fungu lake, na upitiwe upya mtu akinunua kifaa kipya.

Mpangaji akichelewa, muandikie mapema, kwa upole na kwa tarehe. Usikae miezi minne kimya kwa haya, kisha ukalipuka. Kumwondoa kunahitaji notisi ya maandishi, upatanisho kwenye idara ya makazi, kisha mahakama ikibidi. Kumkatia mtu umeme, kumtolea mlango au kupandisha vijana juu ya paa wavue mabati ni njia ya kujigeuza mshtakiwa katika kesi ambayo ungeishinda. Na kabla ya kumpandishia kodi mtu mwema anayelipa tarehe 5 kila mwezi, kumbuka kwamba mwezi mmoja wa nyumba tupu ya dola 160 unakula nyongeza ya dola 10 ya miezi 16, bila kuhesabu rangi mpya.

Matunzo hufuata mvua

Mwenye nyumba anayengoja kuitwa hulipa mara mbili, kwa sababu fundi wa mabati wa mwezi wa Desemba anajua kwamba huna la kufanya. Kazi za paa zimalizike kati ya Agosti na mwanzo wa Oktoba, kabla ya pepo za mvua za kwanza ambazo ndizo hung’oa mabati. Panda, au mpandishe fundi ukiwa hapo, mkakague misumari iliyolegea, mpira wake uliopasuka, kutu kwenye viungo, na mbao za chini. Unaponunua bati jipya, angalia unene: kwenye namba za BG, namba kubwa ni bati jembamba, kwa hiyo BG 32 ya bei nafuu si sawa na BG 28, hata kama zinang’aa sawa. Ukingo wa paa uliotokeza sentimita 60 nje ya ukuta huokoa lipu na msingi kuliko rangi yoyote. Chini yake, mfereji wa simenti upeleke maji mbali na nyumba, na usifike kwa jirani.

Mchwa haupumziki kiangazi. Kila miezi michache zungukia nyumba ukitafuta vijia vya udongo vinavyopanda kutoka chini kwenda kwenye fremu za milango na mbao za paa. Kuvikwangua tu hakutoshi. Fuata kijia hadi kinakotokea, utie dawa udongoni, na uondoe mbao, makuti na mabaki ya ujenzi yaliyoegemezwa ukutani. Mbao mpya zipakwe dawa kabla ya kupigiliwa, kwani baada ya hapo mafundi hupaka upande unaoonekana tu.

Umeme unastahili uangalifu zaidi ya uzuri. Resho la wati 2,000 kwenye volti 220 linavuta takriban ampea 9, na likichomekwa pamoja na pasi kwenye waya wa milimita mraba 1.5 uliokusudiwa taa, waya hupata joto ndani ya dari bila mtu kuona. Weka waya wa 2.5 kwa soketi za kawaida, wa 4 au zaidi kwa jiko, na disjonta (swichi inayojikata umeme ukizidi) yake kwa kila mlango. Soketi iliyogeuka rangi ya kahawia ibadilishwe siku hiyo hiyo, na uchunguze kwa nini imegeuka kabla ya kumlaumu mpangaji. Wapangaji hawapikii resho kwa ukaidi. Wanapika kwa kile wanachomudu, na nyumba inayopuuza jambo hilo itaungua.

Fosi septiki, yaani shimo la maji machafu ya choo, inyonywe mwishoni mwa kiangazi, Septemba kwa mfano, wakati maji ya ardhini yako chini. Anayesubiri Februari hunyonya maji ya mvua yanayorudi kesho yake. Bomba linalovuja litengenezwe ndani ya wiki, hata likiwa tone tu, kwa kuwa tone hilo linalainisha msingi ule ule ulioukagua kwa makini kabla ya kununua. Rangi ya ndani ingoje mpangaji anapohama, chokaa ya nje ingoje mvua iishe.

Kuhusu mafundi, nunua vifaa mwenyewe, ulipe kazi kwa hatua, na sehemu ya mwisho ilipwe baada ya mvua moja kunyesha juu ya paa lililotengenezwa. Fundi mzuri hakatai sharti hilo. Ukimpata, usimbadilishe kwa ajili ya tofauti ya dola 20.

Ushuru na daftari

Mapato ya kodi ya nyumba hutozwa ushuru na mkoa, na hapa Haut-Katanga unakusanywa na DRHKAT, ofisi ya mapato ya mkoa; kuna pia ushuru wa mali yenyewe. Nenda kuuliza kiwango cha mwaka husika dirishani, ulipe kupitia benki, na utunze hati ya malipo pamoja na mkataba. Kampuni ikipanga kwako, ina wajibu wa kukata sehemu ya ushuru kwenye kodi na kuipeleka mkoani. Dai uthibitisho wa kila malipo, la sivyo utadaiwa mara ya pili kilichokwisha kukatwa.

Weka daftari moja kwa kila parseli: ukurasa wa kodi iliyopokelewa pamoja na namba za risiti, ukurasa wa matengenezo pamoja na tarehe, bei na jina la fundi, ukurasa wa mita. Baada ya mwaka, daftari hilo litakuonyesha ni mlango upi unaokulisha na upi unaokula. Sehemu moja ya kumi ya kila kodi iingie kwenye akiba ya matengenezo isiyoguswa kwa ada za shule wala kwa msiba, jambo ambalo katika familia zetu ni gumu kuliko ukaguzi wote ulioelezwa hapa, na ndiyo maana wengine huiweka kwenye akaunti inayohitaji sahihi mbili. Akiba hiyo ikiweza kubadilisha paa zima la nyumba ya kwanza bila kukopa, na milango yote ikiwa imelipa mwaka mzima, hapo unaweza kumpigia komisioneri kuhusu parseli ya pili.